Kipimo cha Arobaini na Saba

Viljandi, Februari. Dirisha limeganda kwa ndani.
Leida amevaa glavu zilizokatwa vidole
na kipanya chake kina joto kuliko chai.
Jumatatu wanataka kurasa zote tisini:
filimbi, zumari, klarineti, pembe,
na basuni, lile bomba refu la mbao.
Kazi ya marehemu Vambola, kwa penseli,
kwa mkono uliokwisha kuanza kutetemeka.

Programu inajua sheria, haina neno.
Kikonyo cha nota kikipanda, nukta hukaa chini,
karibu na kichwa, tena si juu ya mstari
bali kwenye uwazi, kama mgeni
anayechelea kukanyaga mkeka wa watu.
Ukigeuza kikonyo, nukta nayo huhama
bila kuulizwa, kama shemeji
anayefuata upande wenye sufuria.
Mkazo, ule wenye mdomo wazi,
hautoshei ndani; hupelekwa nje ya mistari mitano
ukapige kelele huko.
Na sauti mbili zikipangishwa mstari mmoja
kila moja hubeba alama zake upande wa nje,
mgongo kwa mgongo,
kama waliogombana na kitanda ni kimoja.

Haya Leida anayajua tangu siku za wino,
aliponakili redioni Tallinn
na kosa likikwanguliwa kwa wembe.
Karatasi ilikumbuka. Ukiishika kwenye taa
uliona palipokonda.
Siku hizi kosa halina kovu,
na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Kipimo cha arobaini na saba, basuni.
Nota nne juu ya upinde mmoja,
na chini ya ile ya tatu,
doa.

Nukta? Au choo cha nzi wa kiangazi fulani?
Anakuza skrini, asilimia mia nne, mia nane,
mpaka kichwa cha nota kinakuwa yai jeusi.
Doa ni doa.

Katika lugha ninayoandikia, nukta ni alama
na nukta ni kipande cha dakika.
Kwenye hati zetu za kale, jino ni lile lile:
nukta ikishuka kutoka juu kwenda chini
nia inasomeka bia.
Kwa hiyo simcheki mwanamke huyu,
saa nne usiku, anayempigia simu Uudo.

Uudo aliipuliza basuni hiyo siku ya kwanza,
katika ukumbi wa kiwanda cha kiberiti.
Sasa ana miaka themanini na mitatu
na mpira wa oksijeni puani.
"Arobaini na saba," anasema, kabla hajaulizwa.
Anaivumisha: nota mbili, ya tatu fupi,
kisha mashine inapumua badala yake.
"Ile ni yangu, Leida. Niliiweka mimi.
Mwaka ule mapafu yalijaa maji,
nilitaka mahali pa kuiba hewa.
Vambola aliiona. Alikuwa na kifutio mkononi.
Akakitia mfukoni."

Kanuni ya wahariri inasema:
mtunzi kwanza; mpigaji apewe tanbihi
nyuma ya kitabu, kwa herufi za chungu.
Leida anaisoma tena, yote,
kama mtu anayesoma risiti ya deni alilokwisha kuamua kutolipa.

Anachagua nota. Anabofya. Nukta inatua
na upinde unaichana katikati.
Programu haioni tatizo.
Anaiburuta juu, robo ya uwazi. Imezidi.
Anairudisha nusu ya robo.
Kisha anashika tumbo la upinde
analivuta chini, kidogo, kidogo tena,
mpaka kati ya kichwa cha nota na upinde
panabaki nafasi ya pumzi moja ya mgonjwa.

Anahifadhi. Nje theluji inateleza batini.
Ukurasa wa hamsini na mbili unasubiri:
mikazo kumi na saba imerundikana juu ya pembe,
na mmoja, anauona kutoka hapa,
umeangalia kinyume.